Rekodi Moja, Wenye Haki Wengi: Jibu kwa Mhadhiri Anayetaka Kuweka Mihadhara Yake Mtandaoni

Swali: Mimi ni mhadhiri wa fasihi ya Kiswahili katika chuo kikuu cha umma nchini Kenya. Tangu mwaka juzi nimekuwa nikirekodi mihadhara yangu ya ushairi, na sasa nina rekodi 26, nyingine za video, nyingine za sauti tupu. Ndani yake mna slaidi zenye picha za kurasa za vitabu, vipande vya taarab, maswali ya wanafunzi, na mazungumzo ya saa nzima na mzee mmoja mtunzi wa mashairi niliyemfuata Lamu. Wanafunzi wananiomba niziweke YouTube. Mwenzangu mmoja idarani ananiambia ni mali yangu, nifanye nitakavyo. Mwingine ananiambia chuo kitanishtaki. Nimwamini nani?

Jibu: Mwalimu, wenzako wote wawili wamekosea, tena kosa lao ni moja: kila mmoja anadhani rekodi yako ina mwenyewe mmoja. Ukizifungua hizo 26 utakuta humo watu sita au saba. Umo wewe uliyesema, chuo kilichokuajiri, mchapishaji wa kitabu ulichokipiga picha, mtunzi wa wimbo, mwimbaji wake, mwanafunzi aliyeuliza swali na mzee wako wa Lamu. Kila mmoja ana haki yake, na haki hizo hazifanani. Ndiyo maana "naweza kuiweka?" halijibiki kwa neno moja.

Nimewashauri wahadhiri juu ya mambo haya kwa miaka mingi. Nimeona rekodi nzuri sana zikioza kwenye diski kwa sababu mtu aliogopa, na chache zilizoleta machozi kwa sababu mtu hakuogopa kabisa. Zako nataka zitoke. Mihadhara ya Kiswahili iliyotulia juu ya ushairi wetu ni adimu mtandaoni, na mwanafunzi wa Bujumbura au Muscat hana namna nyingine ya kukaa darasani kwako.

Nianze na wewe na mwajiri wako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inautaja mhadhara waziwazi: mihadhara, hotuba na mahubiri yamo katika orodha ya kazi inazozilinda. Lakini inaweka sharti kwamba kazi iwe imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa katika umbo fulani linaloshikika. Kwa hiyo yale uliyoyasema darasani kwa miaka bila kuyaandika wala kuyarekodi yalikwenda na upepo. Siku uliyobonyeza kitufe cha kurekodi ndipo ilipozaliwa kazi yenye hakimiliki.

Hakimiliki hiyo huanzia kwa mtunzi, yaani wewe. Kisha kifungu cha 31 kinasema kwamba kazi iliyofanywa katika utekelezaji wa ajira huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili ziwe zimepatana vingine. Mwenzako wa kwanza hakukisoma kifungu hicho, na wa pili aliishia katikati yake. Mapatano ndiyo yanayoamua, nayo kwa mhadhiri hukaa katika karatasi mbili: barua ya ajira, na sera ya chuo kuhusu miliki bunifu, yaani haki juu ya kazi za akili. Zitafute zote mbili kabla ya kufanya lolote. Ni desturi ya vyuo vingi kumwachia mwalimu vitabu vyake, makala zake na maandalizi yake ya kufundishia, lakini kudai kile kilichotengenezwa kwa fedha maalumu au vifaa vya chuo. Basi jiulize: ulirekodi kwa simu yako, au katika studio ya chuo ukiwa na fundi wa chuo? Ulilipwa posho ya kuandaa kozi ya masafa? Kama ulilipwa, fahamu kwamba chuo kina hoja nzito.

Hata karatasi zikikuegemea, andika barua. Ukurasa mmoja unatosha, kwa mkuu wa idara, na nakala kwa ofisi inayosimamia miliki bunifu. Usiandike "naomba ruhusa" ukaishia hapo, maana barua ya namna hiyo huwekwa kando na kusahauliwa. Taja rekodi ni zipi, utaziweka wapi, kwa leseni gani, na kama unataka kutumia nembo ya chuo au hutaki. Nembo ni jambo la peke yake. Chuo kinaweza kukubali mihadhara itoke na kikakataa nembo yake isimame juu ya maoni yako, na hapo hakijakuonea.

Liko jambo moja ambalo wahadhiri wengi hawalijui. Hata kama hakimiliki imehamia kwa chuo, jina lako halihami. Kifungu cha 32 kinampa mtunzi haki ya kutajwa, na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima, na haki hizo hazihamishiki akiwa hai. Wakiutumia mhadhara wako miaka kumi baada ya wewe kustaafu, bado ni mhadhara wako kwa jina.

Sasa vitabu. Darasa na mtandao ni mahali pawili tofauti mbele ya sheria, na makosa mengi huanzia kwenye kusahau hilo. Sheria yetu inaruhusu matumizi ya haki, yaani kuitumia kazi ya mtu kwa kiasi bila kuomba ruhusa, kwa ajili ya utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti habari, ili mradi umtaje mwenye kazi. Wewe ni mhakiki, kwa hiyo neno "uhakiki" ni ngao yako, lakini ngao hiyo ina ukubwa wake. Ukisoma beti mbili za mshairi aliye hai kisha ukazichambua kwa dakika kumi, vina, mizani, lugha na kiini chake, huo ni uhakiki na sioni wa kukusumbua. Kurasa nne zilizopigwa picha zikasimama kwenye slaidi ili mwanafunzi asilazimike kutafuta kitabu, hizo ni nakala. Darasani pengine zingepita. YouTube hazipiti, kwa sababu watazamaji wako si darasa tena.

Wako wanaokitaja kipengele cha sheria kinachoruhusu kunukuu sehemu mbili fupi za kazi ya mtu kwa matumizi ya shule na vyuo. Kipo kweli, lakini kinahusu mkusanyo ulioandaliwa kwa ajili ya shule au chuo kikuu. Usikinyooshe mpaka kikafunika dunia nzima. Wenzetu wanaofundisha Kiswahili Marekani wana mpaka wa namna hiyo hiyo: sheria yao ya mwaka 2002 ya kufundisha kwa njia ya mtandao inawaruhusu kuonyesha sehemu za kazi za watu, lakini kwa wanafunzi walioandikishwa katika kozi ile tu.

Kwa rekodi zako, kazi si kubwa kama unavyoiogopa. Ondoa picha za kurasa. Mahali pake andika kwa mkono wako ubeti unaouzungumzia wakati huo, na chini yake jina la mshairi, kitabu, mwaka na mchapishaji. Mhadhara utapendeza zaidi, maana hakuna mtazamaji wa simu anayeweza kusoma ukurasa mzima uliopigwa picha.

Na kwa bahati njema, utajiri wako mwingi hauna mwenye hakimiliki tena. Muyaka bin Haji alifariki 1840. Mwana Kupona alitunga utendi wake 1858. Shaaban Robert alifariki 1962, na kwa kuwa sheria ya Kenya huhesabu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi, muda wake hapa ulikwisha mwishoni mwa 2012. Angalia mambo mawili tu. La kwanza, shairi kongwe laweza kuwa huru lakini toleo lake lisiwe huru: utangulizi, maelezo ya chini na tafsiri ya mhariri wa juzi juzi ni kazi yake mhariri. Soma shairi, acha maelezo yake, au yanukuu kama unavyomnukuu mtaalamu yeyote. La pili, YouTube ni kampuni ya Marekani, na kule vitabu vya zamani huhesabiwa kwa mwaka wa kuchapishwa, hesabu inayoweza kufika miaka 95. Kitabu kilicho huru Mombasa kinaweza kisiwe huru California. Kwa Shaaban Robert, soma beti unazozichambua na usisome diwani nzima kutoka jalada hadi jalada.

Taarab ndiyo itakayokusumbua kuliko vyote. Wimbo mmoja una tabaka tatu: mashairi na muziki ni vya mtunzi, uimbaji na upigaji ni wa wasanii, na ile sauti iliyorekodiwa ni ya mtayarishaji. Ukipata ruhusa ya mwimbaji peke yake, umepata theluthi. Isitoshe, YouTube tangu 2007 ina mtambo unaolinganisha kila kinachopakiwa na hazina yake ya nyimbo. Mtambo huo haujui kwamba unafundisha. Unasikia udi na fidla, unaukumbuka wimbo, basi umemaliza. Hapo mara nyingi video itazuiwa, au fedha za matangazo zitakwenda kwa mwenye wimbo. Hilo si baya sana. Baya ni mwenye wimbo akiandika rasmi kudai video iondolewe: hiyo huhesabiwa onyo, na maonyo matatu ndani ya siku 90 hufunga chaneli nzima. Ikiwa chaneli ni ya idara, wenzako wote watapoteza kazi zao kwa sababu ya wimbo wako. Ndiyo maana nasisitiza kila mara kwamba rekodi asili zikae kwenye diski mbili zilizo mahali pawili, na YouTube isiwe ghala lenu la pekee.

Nifanyeje basi na taarab, utaniuliza. Kata kipande kile. Waambie watazamaji wausikilize wimbo kwenye chaneli ya mwenyewe, weka kiungo chake, kisha endelea na uchambuzi kana kwamba wameshausikia. Kama kuna wimbo ambao mhadhara hauwezi kusimama bila huo, omba leseni. Anza kwa kuiuliza Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ni chama kipi cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye kazi, chenye kibali mwaka huu, maana vibali hivyo hutolewa upya na mambo hubadilika. Na zile nyimbo za harusi na za ngoma zisizojulikana mtunzi usizichukulie kuwa za bure. Tangu 2016 Kenya ina sheria inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kijamii, na jamii yenyewe ndiyo yenye haki ya kuulizwa kabla hazijatumiwa.

Sasa nifike kwa wanafunzi, na hapa nitakaa kidogo.

Zamani, chuoni nilikofanya kazi, mhadhiri mmoja mwema alirekodi majadiliano ya darasa juu ya shairi la msiba. Msichana mmoja akasimama akaeleza jinsi baba yake alivyofariki na yaliyotokea nyumbani baada ya matanga. Darasa zima lilinyamaza. Kwa mwalimu ulikuwa mhadhara bora wa muhula, akaupakia usiku ule ule. Wiki ya pili kipande kile kilikuwa kinazunguka katika kundi la WhatsApp la ukoo wa msichana. Alikuja ofisini kwangu na dada yake. Video ikafutwa siku hiyo hiyo, lakini kipande kilikuwa kimeshahifadhiwa kwenye simu za watu, na hakuna sheria wala mtambo unaoweza kuingia kwenye simu zote zile. Msichana yule aliacha kuzungumza darasani mpaka alipohitimu.

Sura ya mtu na sauti yake ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Ukitegemea ridhaa, wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha kwamba ilitolewa, na aliyeitoa anaweza kuiondoa wakati wowote. Wanaodhani Kamishna wa Data hutoa maonyo matupu wakumbuke Septemba 2023, ambapo shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Na usidhani wanafunzi wako wote ni watu wazima. Mwaka wa kwanza huwa na wenye miaka 17, na kwa hao ridhaa ni ya mzazi au mlezi.

Hata fomu ikiwa imetiwa sahihi, mimi binafsi siiamini sana ridhaa ya mwanafunzi kwa mwalimu anayemsahihishia mtihani. Atakataaje? Wewe ndiye uliyesimama mbele na karatasi mkononi, wenzake thelathini wameshatia sahihi. Kwa hiyo dawa bora ni kutomrekodi. Simamisha kamera ikuelekee wewe peke yako. Vaa maikrofoni ndogo ya kifuani ili isidake sauti za nyuma. Mwanafunzi akiuliza, lirudie swali kwa maneno yako kabla ya kujibu. Tena hilo litawasaidia hata waliokaa nyuma darasani. Majadiliano yakianza kugusa maisha ya watu, zima kamera na waambie umeizima. Utashangaa jinsi mazungumzo yatakavyofunguka.

Kwa rekodi ulizonazo tayari, kata sauti za wanafunzi na mahali pake ingiza swali kwa sauti yako. Ukiona swali la mwanafunzi fulani ni zuri kiasi kwamba linastahili kubaki na sauti yake, msubiri amalize kozi na alama zitoke, ndipo umuulize. Mwambie wazi kwamba itakuwa YouTube, kwamba mtu yeyote ataiona, na kwamba ikishapakuliwa huwezi kuirudisha. Akisita tu, hata bila kusema hapana, ikate.

Wengine hukimbilia ile njia ya video isiyoorodheshwa, inayoonekana kwa mwenye kiungo tu. Kiungo hicho kinakaa darasani mpaka mwanafunzi wa kwanza atakapokituma kwa rafiki yake. Kama rekodi haifai kuonwa na umma, mahali pake ni jukwaa la masomo la chuo, nyuma ya nywila.

Kuna kundi moja hukulitaja katika swali lako, Mwalimu, nalo ni viziwi. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikuwa miongoni mwa vyuo vya mwanzo kumwaga mihadhara yake hadharani, kwa video na kwa sauti, na watu wa dunia nzima wakasoma bure. Kisha watu wawili wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko Washington, wakalalamika kwamba rekodi nyingi hazina manukuu, yaani maandishi ya yanayosemwa, au zina manukuu mabovu. Agosti 2016 Wizara ya Sheria ya Marekani ikaiandikia Berkeley kwamba inavunja sheria ya Wamarekani wenye ulemavu. Machi 2017 Berkeley ikaamua kuziondoa hadharani rekodi zaidi ya 20,000, zikabaki kwa wenye akaunti za chuo tu. Harvard na MIT nazo zilishtakiwa 2015 kwa sababu hiyo hiyo, zikafikia makubaliano miaka minne na mitano baadaye. Berkeley yenyewe ilifunga makubaliano na serikali mwishoni mwa 2022, ikaahidi kurekebisha sehemu kubwa ya maudhui yake ya mtandaoni.

Zilipoondolewa rekodi zile, wako waliowalaumu viziwi kwa kuwanyima watu elimu ya bure. Mimi siwalaumu hata kidogo. Wao mlango ulikuwa umefungwa tangu siku ya kwanza. Kelele zilipigwa ulipofungwa kwa wenye masikio. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya alama, Braille au njia nyingine inayomfaa. Mwanafunzi kiziwi wa Kiswahili yupo, na ushairi ni wake pia.

Zaidi ya hayo, tazama hesabu. Manukuu ya rekodi 20,000 ni mlima. Ya rekodi 26 ni kazi ya likizo moja, ukiwa na mwanafunzi wa uzamili anayelipwa kwa haki. Mashine zikikuandikia rasimu, mshukuru Mungu, kisha zisome neno kwa neno. Mzee wako wa Lamu akisema "ndoo" kwa Kiamu, anamwita mtu aje, na mashine itaandika chombo cha maji. Akisema "kitwa", yaani kichwa, sijui itaandika nini. Kazi ya kusahihisha hayo ni kazi ya kitaaluma, na jina la aliyeifanya litajwe mwisho wa video. Maandishi hayo yatamfaa pia mwanafunzi asiye na bando, kwa kuwa faili la maandishi ni jepesi kuliko picha moja ya simu.

Kwa ajili ya huyo huyo asiye na bando, usiache kutoa sauti tupu. Mhadhara wa saa moja ukihifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hauzidi megabaiti 29. Video ya kawaida ya saa hiyo hiyo hula mamia. Ushairi wetu tangu hapo ulikuwa wa sikio, na mtu anaweza kukusikiliza akiwa ndani ya matatu.

Leseni sasa. Ukiweka video YouTube bila kuchagua lolote, watu wanaweza kuitazama lakini hawana ruhusa ya kuikata, kuitafsiri wala kuitumia upya. Leseni za Creative Commons, zilizotoka mara ya kwanza 2002, zimetengenezwa kwa ajili hiyo: unabaki na hakimiliki, unatangaza mapema unachoruhusu. Ziko sita. Ushauri wangu kwako ni ile inayotaka utajwe jina na kwamba atakayeibadilisha kazi yako aisambaze kwa masharti yale yale. Epuka ile ya "usibadilishe". Wahadhiri huipenda kwa hofu ya kupotoshwa, lakini ukiiweka, mwalimu wa Goma hawezi kukata dakika kumi zako akaziunganisha na za kwake, wala mkalimani wa lugha ya alama hawezi kuongeza picha yake pembeni na kuisambaza. Sharti la "si kwa biashara" linaeleweka, ingawa huwatia hofu hata watu wasiofanya biashara yoyote. Ndani ya YouTube kwenyewe utaikuta leseni moja tu kati ya hizo sita, ile ya kutaja jina peke yake. Ukitaka nyingine, iandike wazi katika maelezo ya video na mwishoni mwa video yenyewe.

Jua mambo mawili kabla ya kuamua. Leseni hizo hazirudi nyuma: unaweza kuacha kusambaza, lakini aliyekwisha kuipata kazi yako kwa leseni ile anaendelea nayo. Na kila leseni unaitoa juu ya kilicho chako tu. Huwezi kuugawa wimbo wa mtu kwa sababu umo ndani ya video yako. Ukibakiza kipande cha mwingine kwa ruhusa maalumu, andika kwamba kipande hicho hakimo katika leseni. Fahamu pia kwamba YouTube inaweza kuonyesha matangazo hata kwenye chaneli isiyolipwa senti. Kama hutaki tangazo la kamari litangulie utendi, weka nakala kamili katika hifadhi ya kidijitali ya maktaba ya chuo, na YouTube uifanye dirisha la kuwaelekeza watu huko.

Kwa hiyo zigawe rekodi zako mafungu matatu. Zile ambazo unazungumza peke yako juu ya washairi wa kale zitatoka kwanza, pindi chuo kikijibu barua yako na manukuu yakiwa tayari. Zile zenye kurasa, nyimbo na sauti za wanafunzi zingoje mkasi. Ile ya Lamu iache mwisho.

Mzee huyo si mwanafunzi wako wala si mwajiriwa wa mtu. Mashairi aliyokusomea ni yake. Usomaji ule ni wake. Na yale aliyokusimulia juu ya maisha yake na watu wa mtaa wake ni siri ambazo hukupewa wewe uzigawe. Nadhani alikuambia, kama wazee wengi wanavyosema, "rekodi tu, mwanangu." Alimkubalia mgeni aliyeketi barazani kwake. Hakuikubalia dunia. Sheria inataka ridhaa yake, lakini hata isingetaka ungemdai nani heshima ukimfanyia hivyo?

Rudi Lamu. Nenda na spika ndogo umsikilizishe rekodi yote, tangu mwanzo hadi mwisho, mbele ya mtoto wake au mjukuu anayejua YouTube ni kitu gani. Mweleze nani ataisikia. Muulize anataka aitwe jina gani, na kama kuna malipo yatakayokuja, yaende kwa nani. Kama hasomi herufi za Kilatini, mwandikie makubaliano kwa zile anazozisoma, au rekodi ridhaa yake kwa sauti, akitaja jina lake na tarehe. Mwachie nakala nyumbani. Na akikuambia kwamba beti fulani alimtungia marehemu mkewe na hataki ziende mbali, zikate hapo hapo mbele yake, kisha umsikilizishe tena.